Jeneza Lililopishwa Njia Kivukoni

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Waziri wa Jimbo unayeshughulikia uchukuzi, wakubwa wa komini zetu za Kasuku, Mikelenge na Alunguli, mapadri, wachungaji na mashehe, wenye mitumbwi, wenye malori mliokubali kuzima injini ili tusikike, mama zetu wa sokoni, ndugu wote mliofika:

KARIBU MTONI

Sisi tunaobeba vifurushi kwa baiskeli na mikokoteni, kutoka stesheni, uwanja wa ndege na sokoni mpaka kivukoni na ng'ambo ya mto, tunakukaribisha kwa mikono miwili. Kusema kweli tumeshtuka kukuona. Tumekuomba miaka mingi mpaka tukazoea kuomba tu, kama mtu anavyozoea kukohoa. Leo umekuja, umekaa kiti cha mbele, na viatu vyako vina vumbi letu. Tumefurahi.

Utuwie radhi kwa mahali penyewe. Hema limesimamishwa hapa barabara inapoishia, mdomoni kabisa mwa kivuko, kwa sababu watu wa protokole walitaka upigwe picha mto ukiwa nyuma yako. Hatukubisha. Tuliomba jambo moja tu: kati ya hema na ule ukuta unaoshuka kutoka sokoni ibaki nafasi ya kupitisha baiskeli yenye mzigo. Hakuna njia nyingine ya kushukia majini, na mzigo wa hospitali hauna sikukuu. Walikubali, wakatuonyesha kwa mkono: hapa, hakuna atakayepagusa. Tunawashukuru.

Anayekusomea ni Mama Jeannette, mwenye mkokoteni wa magurudumu mawili unaojulikana mpaka Mikelenge kwa kelele zake. Sauti ni yake, maneno ni yetu sote. Tulipokuwa tunayatunga tuligombana. Wengine walitaka tuanze kwa kulia, wengine tuanze kwa kukusifu. Papa Anaclet, mwenyekiti wetu, akasema, "Musimusifu sana, mukubwa akisifiwa sana analala." Basi tukaafikiana tukueleze habari ya mwenzetu mmoja, Papa Okito. Ukishamjua Okito utakuwa umeijua hii barabara, na utaelewa kwa nini lile tangazo lililobandikwa ukutani kwa soko limetukosesha usingizi.

Tangazo hilo linasema kuanzia mwezi ujao baiskeli za mizigo na mikokoteni havitaonekana tena katika barabara inayoshuka mtoni, kwa kuwa ndivyo vinavyoleta msongamano. Tumelisoma, tukalisomea wasiojua kusoma, halafu tukatazamana. Malori hayakutajwa.

TULIKOTOKA

Okito alianza kusukuma baiskeli wakati wa vita. Alikuwa kijana, ameoa juzi, na alikuwa na nguvu za kumwaga. Treni ilikuwa imenyamaza. Malori yalikuwa yameungua au yamejificha. Mji ulikuwa umezungukwa, mtu akienda shambani kwake mwenyewe kutafuta majani ya muhogo hakuwa na hakika ya kurudi. Chumvi ilikuwa inauzwa kwa kijiko cha chai, na watoto walikuwa wanailamba kama sukari.

Ndipo wanaume na wanawake wakachukua baiskeli, wakang'oa pedali zisigonge miguu, wakafunga gongo kwenye usukani na gongo jingine nyuma ya kiti, wakasukuma. Walikwenda Kalima, wakafika Kama, wengine walipotelea njia za Kibombo na hatukuwaona tena. Walileta chumvi, sabuni, dawa za malaria, mashuka ya kuzikia. Huu mji ulikula kwa migongo yao, Mheshimiwa, na tunalisema bila kujivuna, maana waliobaki kulisema ni wachache.

Njiani kulikuwa na vizuizi. Wenye bunduki wa kila upande walikuwa na kamba yao barabarani, na kila kamba ilikula sehemu ya mzigo. Kitu kimoja tu kilipita bila kuguswa: maiti. Mtu akifia Kalima, ndugu zake wakataka alale kwao Alunguli, baiskeli iliyombeba ilipita kamba zote. Hata yule askari aliyekuwa anakunyang'anya viatu alikuwa anaishusha kamba, anageuza uso.

Mzee Bulaimu, aliyetuanzishia hiki chama, Mungu amrehemu, ndiye aliyeweka desturi yetu. Alisema kama mwenye bunduki anampisha maiti, sisi tusio na bunduki tutafanyaje? Tangu siku hiyo, mbeba mzigo wa Kindu akiliona jeneza linakuja nyuma yake au mbele yake, anatua mzigo chini, anavua kofia, anangoja mpaka jeneza lipande mtumbwi na mtumbwi uache ukingo. Halipitwi. Wala hatutozi kitu kulivusha. Wageni wanatushangaa, lakini hivyo ndivyo tulivyo.

Siku moja, njaa ikiwa kali, alikuja mchuuzi mmoja na wazo lake. Akamwambia Mzee Bulaimu, Okito akiwa amekaa pale pale anaziba pancha: "Mzee, tutengeneze jeneza, tuweke chumvi ndani. Mama wawili walie nyuma. Tutapita kamba zote." Wallahi lilikuwa wazo zuri. Okito mwenyewe anakiri mate yalimjaa, kwa sababu nyumbani mkewe alikuwa na mimba na alikuwa anapika mboga kwa maji matupu.

Mzee Bulaimu akamjibu yule mtu taratibu: "Leo tutaweka chumvi mule. Kesho watajua, watafungua yote. Sasa maiti yenu mutapitisha wapi?" Mchuuzi akaenda zake. Chumvi haikuja mwezi ule, watu waliumia, na hakuna jeneza la Kindu lililotiwa chumvi. Tunataka ulisikie hilo vizuri, kabla hatujafika kule tunakokwenda.

TULIYOYAFANYA

Vita ilipoisha, Mheshimiwa, tulidhani na sisi tumeisha. Pikipiki zilikuja, malori yakarudi, siku nyingine hata treni inalia. Lakini mji una upande huu na upande ule, katikati kuna mto, na daraja tunaliona kwenye ndoto tu. Kila kinachoingia Kindu kwa reli au kwa ndege kikitakiwa Alunguli lazima kiteremke barabara hii moja. Siku treni inafika, kila mfanyabiashara anapeleka lori lake mwenyewe kufuata mzigo wake mwenyewe, na malori yote yanashuka saa ile ile kusukumana kwenye mdomo huu. Lori moja limebeba magunia mawili. La pili limebeba friji moja. La tatu halikubeba kitu, limekuja kuweka nafasi.

Sisi tulikaa tukafikiri. Zamani na sisi tulikuwa vile vile, baiskeli saba zinapanda mtaa mmoja, kila moja ina furushi lake. Tukaacha. Siku hizi vifurushi vinachambuliwa pale stesheni kabla havijaondoka, na kila kifurushi kinafungwa utepe wa kitambaa: kijani cha Mikelenge, chekundu cha Alunguli, cheupe cha hospitali. Vya mtaa mmoja vinakwenda na mtu mmoja. Kila mtaa una nyumba ya kuachia, mara nyingi kibanda cha mama anayeuza maandazi, kwa kuwa yeye hahami na anamjua kila mtu na shida zake. Mwenye mzigo anakuja kuchukua akitoka shughuli zake. Mama anapata wateja, mtaa unapata utulivu, na sisi tunapumua.

Vile vya utepe mweupe vina mtu wake. Damu na dawa zinazotunzwa kwenye baridi zinatoka hospitali ya upande huu kwenda kwenye nyumba za uzazi kule Alunguli ndani ya kisanduku cha barafu, cha rangi ya buluu, chenye mfuniko uliopasuka pembeni na kufungwa kwa raba ya baiskeli. Hicho kisanduku tulimpa Okito. Si kwamba ana mbio, hana. Ila hasimami njiani kuongea, jambo ambalo kwa watu wa Kindu ni muujiza.

YALIYOTUSHTUA

Katika risala nyingine hapa huandikwa "Changamoto". Tulilijaribu hilo neno likatukwama kooni. Tutakwambia kilichotokea.

Ilikuwa asubuhi ya treni, mvua imenyesha, barabara imejaa kuanzia sokoni mpaka majini. Yvette, muuguzi, alimkabidhi Okito kisanduku mlangoni mwa hospitali. Kwa kawaida humwambia "Kwenda salama, Papa." Siku ile alimshika mkono. "Papa Okito, hii njo ya mutoto wako. Naomie anatoka damu. Enda."

Naomie ni yule wa kwenye mimba, Mheshimiwa. Yule aliyekuwa tumboni mama yake akipika mboga kwa maji matupu. Alikuwa amekua, ameolewa Alunguli, na ule ulikuwa uzazi wake wa kwanza.

Okito alishuka na baiskeli. Alipita chini ya matela ya malori, akapita juu ya mtaro, akakwangua bega kwenye chuma. Mama Jeannette alikuwa nyuma yake na mkokoteni wake, akipiga kelele watu wampishe, na watu walimpisha, kwa sababu utepe mweupe unajulikana. Walibakiza mwendo mfupi, kama kutoka hapa unapokaa mpaka kwenye ile nguzo. Wakasikia kilio nyuma yao.

Jeneza lilikuwa linakuja. Limepakiwa kwenye mkokoteni, limefunikwa shuka jeupe, wanawake wanne wanalia nyuma yake, na mwanaume mbele ameshika msalaba. Malori yenyewe yalirudi nyuma. Wabeba mizigo wote wa barabara ile walitua chini, kofia mkononi.

Okito naye alitua.

Mama Jeannette alimwambia, "Papa, pita tu. Hii damu haiwezi kungoja."

Okito alitikisa kichwa. "Jeneza hatupite, mama. Tangu vita hatupite. Na yeye iko mutoto wa mutu."

Ametueleza baadaye kilichokuwa moyoni mwake wakati ule. Alijiambia kwamba Mungu anamtazama. Akimpisha mtoto wa mwenzake aliyekufa, Mungu atamwachia wake aliye hai. Alikuwa anafanya biashara na Mungu, anasema, na alikuwa na hakika kabisa kwamba bei imekubaliwa. Alisimama pale, kisanduku kiko juu ya kiti cha baiskeli, mkono wake juu ya mfuniko, akangoja.

Jeneza lilichelewa. Matope yalikuwa mengi, mtumbwi wa injini ulikuwa mmoja tu ukingoni, na lile sanduku lilikuwa zito kupita kawaida. Wanaume sita walikuwa wanalihangaikia kama limejaa mawe. Wakaliinua, mmoja akateleza, likapiga kona kwenye ubavu wa mtumbwi, na ubao wa chini ukafunguka.

Simu zilimwagika. Simu kwenye maboksi yake, betri, chaja, mafuta ya kujipaka, saa za mkononi. Ziliteleza kwenye matope mpaka majini, nyingine zikaelea. Wanawake wanne wakanyamaza mara moja. Yule wa msalaba aliutupa, akaingia majini na suruali yake kuokota.

Mheshimiwa, sisi tumeona mengi. Tumeona vita, tumeona watu wakila mizizi ambayo nguruwe anaiacha, tumeona huu mto ukipitisha vitu ambavyo hatutavitaja mbele ya watoto. Hatujawahi kushtuka namna ile. Mama Jeannette anayekusomea alikuwa amefunika mdomo kwa mikono yote miwili. Hakuwepo mwenye bunduki, wala kamba njiani. Mtu alikuwa na haraka tu ya kupita foleni, akapiga hesabu zake, akaona njia ya mkato ni huruma yetu.

Okito hakutazama simu. Alinyanyua kisanduku kwa mikono, akaiacha baiskeli ianguke, akapita juu ya ule mzigo, akapanda mtumbwi uliokuwa umetayarishiwa jeneza. Alipofika ng'ambo alikimbia. Mtu ambaye hatujawahi kumwona akikimbia.

Mtoto alikuwa amezaliwa na alikuwa analia. Naomie alikuwa ameshafunikwa.

Mtoto ni msichana, anaitwa Anne, analelewa na bibi yake, na anakohoa kidogo wakati wa mvua lakini ni mzima. Okito alijifungia nyumbani. Tulimfuata mara kwa mara, akawa anatupokea vizuri, anatutilia chai, na akisikia neno baiskeli anatoka nje. Siku moja tu alisema, akitazama chini, "Nilipisha simu."

Tulidhani tumefika mwisho wa kushtuka. Hatukuwa tumefika. Mzee Bulaimu aliyaona haya zamani, naye yuko kaburini. Habari ya lile jeneza ilienea mji mzima, na kuanzia hapo majeneza yakaanza kuulizwa. Kwanza ilikuwa mzaha. Dereva anapiga honi: "Ee, mumebeba simu ya marki gani leo?" Halafu mzaha ukaisha ikabaki honi.

Mama Hélène, anayeuza mkaa Alunguli, alifiwa na mtoto hospitali ya upande huu. Alikuwa anamrudisha nyumbani kwa mkokoteni, jeneza dogo, fupi kama meza ya shule. Barabara imejaa. Lori halikusogea, pikipiki hazikusogea, na hata baadhi yetu, tunasema kwa aibu, hatukutua mizigo. Kijana wa pikipiki akasema, "Fungua tuone. Pengine iko simu." Watu walicheka.

Mama Hélène hakugombana naye. Alivua kilemba chake, akakitumia kushikia msumari, akaung'oa, akainua ubao. "Huyu njo mutoto wangu. Muangalie. Mukisha kuangalia, munipishe."

Yule kijana alitapika pale pale. Hakuna aliyemcheka. Mkokoteni haukusogea hata hivyo, kwa sababu wote waliokuwa karibu waliganda.

Aliyetoka kwenye umati alikuwa Okito. Hatujui nani alimwita. Alirudisha ubao, akagongomea msumari kwa jiwe, akashika mkokoteni. Akaenda nao taratibu katikati ya malori, na kila hatua alikuwa anasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja mtaa: "Iko mutu mule. Nimemuona na macho yangu. Iko mutu mule." Malori yalisogea. Alimvusha mtoto mpaka ng'ambo, akachimba kaburi pamoja na wajomba.

Kesho yake alikuja hapa kivukoni, akamwambia Papa Anaclet, "Munirudishie kile kisanduku. Kisanduku tu, kingine sitabeba." Tukampa.

MAOMBI

Mgeni rasmi, tumesikia kwamba sisi ndio msongamano. Hatutabishana na mkubwa. Tunaomba tu usimame siku ya treni pale sokoni, uhesabu kwa macho yako nani amebeba nini.

La kwanza: malori yashushe mizigo kwenye ule uwanja mtupu wa karibu na stesheni, unaoota nyasi. Ichambuliwe pale kwa mitaa kama tunavyochambua sisi. Mikubwa ishuke mtoni asubuhi mapema kabla ya soko, kwa zamu, lori moja likirudi ndipo jingine lishuke. Midogo tuachieni sisi.

La pili: lile tangazo liondolewe. Likibaki, kisanduku cha buluu nacho ni mzigo wa baiskeli. Hakuna neno la kumwachia Okito njia pale ukutani, wala la kumfikiria mwanamke yeyote wa Alunguli atakayetoka damu mwezi ujao.

La tatu: njia ndogo kandokando ya ukuta, kuanzia sokoni mpaka majini, upana wa baiskeli moja, isiyowekwa gari la mtu yeyote, awe tajiri au awe

Mheshimiwa, tunakuomba radhi. Hapa tunatoka kwenye karatasi.

Hizo sauti unazozisikia nyuma ya hema si fujo. Hapana, Papa wa protokole, usinipokonye maikrofoni, nitamaliza sasa hivi. Mheshimiwa, geuka kidogo upande wa ukuta. Ile nafasi tuliyoahidiwa imewekwa gari. Jeupe, la msafara wako. Dereva hayupo, wanasema amekwenda kutafuta soda. Nyuma ya gari kuna mtu mwenye baiskeli, na juu ya kiti chake kuna kisanduku cha buluu kimefungwa raba.

Ule njo yeye. Njo Papa Okito.

Askari amemwambia asubiri, mkubwa anasikiliza risala. Na yeye, si unamjua sasa, ametua. Amevua kofia. Amesimama pale mkono uko juu ya mfuniko, anakupisha wewe, kwa heshima.

Mheshimiwa, usiruhusu asimame mara ya pili.

Asante. Asante, tunaona umeinuka. Gari liacheni, funguo hazipo, musipoteze nguvu. Papa Okito, leta. Toa kisanduku, kipitishe hapo juu ya kamba iliyozungushiwa hema. Bwana wa tai nyekundu, nyoosha mikono, pokea. Usikipindue, kina barafu. Mpe mama aliye mbele yako. Mama mheshimiwa, mpe shehe. Shehe, mpe Mheshimiwa. Mheshimiwa, shika chini, si mfuniko, umepasuka. Sasa nyuma yako, Padri yuko tayari. Viti vianguke, tutaviinua. Mutoe ile kamera ya kupiga picha ya mto hapo katikati. Padri, mpe Elie, yule kwenye mtumbwi, mwenye kofia ya njano. Elie, washa.

Papa Okito, pita chini ya kamba. Pita, pita. Leo hakuna tunayempisha isipokuwa wewe.

Ameshapanda.

Basi, Mheshimiwa, maombi mengine yamo kwenye karatasi, tutakuachia uyasome. Lile la tatu umeshalibeba mwenyewe, na tumeona halikukushinda. Tunaona mikono yako imelowa maji ya barafu. Tunakuomba usiifute haraka.

Mungu akufikishe kila uendako, akufungulie njia pale ilipobanwa, awape nguvu wanaozaa ng'ambo na awapumzishe waliovuka kabla yetu. Na sasa, kwa ruhusa yako, hotuba yako ingoje kidogo. Ni desturi yetu, na leo tunaiongeza: hatukai mpaka mtumbwi ufike ng'ambo.

Ni sisi,
Chama cha Wabeba Vifurushi wa Kivukoni, Kindu,
wa Kasuku, wa Mikelenge na wa Alunguli,
tumesimama.